Waliotazama na Waliokataa Kutazama

Homilia ya Sherehe ya Epifania (Tokeo la Bwana)
Masomo: Isa 60:1-6; Efe 3:2-3a, 5-6; Mt 2:1-12



Leo Mama Kanisa anaadhimisha Sherehe ya Epifania, yaani Tokeo la Bwana. Injili tuliyoisikia inatuwekea mbele yetu makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza ni Mamajusi, wageni kutoka Mashariki, watu wasiokuwa na Torati wala Manabii. Hao waliiona nyota, wakafunga safari. Kundi la pili ni makuhani wakuu na waandishi wa Yerusalemu. Hao walipoulizwa na Herode mahali atakapozaliwa Masiha, hawakusita. Walikijua kitabu, walimjua nabii, walilijua hata jina la mji. Lakini Injili haimtaji hata mmoja wao aliyeinuka kwenda Bethlehemu, na kutoka Yerusalemu hadi huko ni kilomita zipatazo 9 tu, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuijua kweli kwa kichwa na asiinue mguu kuiendea. Leo napenda kuwasimulia habari ya kutazama, na mwishoni mtaona kwamba habari hiyo ina ungamo langu mwenyewe ndani yake.

Miaka mingi iliyopita mmisionari mmoja mzee, alipokuwa akirejea kwao, aliniachia sanduku la mbao. Ndani yake mlikuwa na darubini ndogo ya kutazamia nyota. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 60, na husimama juu ya miguu mitatu. Nililiweka sanduku lile stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, likakaa huko mpaka nikalisahau. Mwezi Januari mwaka 2025, tulipokuwa tukisafisha stoo, tulilikuta tena. Nikaipangusa darubini vumbi, nikaisimamisha uani nyuma ya nyumba ya mapadre, nikangoja giza liingie.

Jioni zile za Januari anga lilikuwa na neema ya pekee. Mawingu ya mvua yalipoachana, sayari nne zilionekana kwa wakati mmoja mara baada ya jua kutua. Upande wa magharibi ilikuwako Zuhura, ile tunayoiita nyota ya jioni, iking'aa kuliko nyota zote. Jirani yake ilikuwako Zohali. Upande wa mashariki iliinuka Mirihi yenye wekundu wake. Na juu kabisa, si mbali na Kilimia ambacho wazee wetu walikitazama ili wajue majira ya kulima, ilikuwako Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua.

Watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wa kwanza kunigundua. Baada yao walikuja mama zao, na baada ya mama zao wakaja watu wa jumuiya ndogo ndogo za jirani. Usiku wa pili alikuja katekista wetu, mzee ninayemheshimu sana, akanivuta kando.

"Padre," akasema, "uniwie radhi. Watu wameanza kusema. Wanauliza, tangu lini padre wetu anapiga ramli?"

Nilimshukuru, kwa maana hofu yake haikuwa ya kijinga. Wapo wanaotazama nyota ili kumwuzia mtu habari za kesho yake, na Kanisa linatukataza kabisa kuwaendea. Lakini mnajimu na mtaalamu wa falaki si ndugu. Mnajimu anaitazama nyota akitafuta fedha iliyomo mfukoni mwa mteja. Mtaalamu wa falaki anaitazama nyota apate kuijua nyota yenyewe, kazi ya mikono ya Mungu. Kanisa lenyewe linayo nyumba ya kazi hiyo. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliianzisha upya mwaka 1891 huko Vatikano, baadaye ikahamia Castel Gandolfo, na inaongozwa na Mapadre Wajesuiti. Tangu mwaka 1993 inayo darubini kubwa juu ya Mlima Graham, jimboni Arizona, Marekani.

Baada ya kumweleza hayo nikamwambia, "Mwalimu, njoo uchungulie."

Akainama, akaweka jicho. Akakaa kimya kitambo. Kisha, bila kuliondoa jicho lake, akavua kofia.

Aliona nini? Ukiitazama Mshtarii kwa jicho tupu, utaona nyota moja kubwa yenye kutulia. Ukiitazama kwa darubini, hata ndogo kama ile yangu, nyota ile inakuwa duara dogo kama punje ya dengu, lenye mistari miwili hafifu ya rangi ya kahawia. Na pembeni mwa duara lile zinaonekana nukta za nuru zilizopangika katika mstari, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi usioonekana. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Ganymede peke yake ni kubwa kuliko sayari nzima ya Utaridi. Nuru iliyoingia jichoni mwa Mwalimu usiku ule ilikuwa imesafiri zaidi ya nusu saa, umbali unaopita kilomita milioni 600.

Wapendwa, darubini inafundisha unyenyekevu kwa namna yake. Ukiigusa kwa pupa, picha yote inatetemeka. Ukitulia, inatulia. Na hata ukitulia, baada ya dakika moja au mbili sayari inasogea ukingoni na kupotea. Watoto wakapiga kelele, "Padre, imekimbia!" Nikawaambia, "Haikukimbia. Sisi ndio tunaokwenda. Ni dunia inayozunguka, nasi tuko juu yake." Walitazama miguu yao, kana kwamba wataiona ikienda.

Mtu aliyeiona miezi ile na kututangazia ni Galileo Galilei, mwalimu wa hisabati huko Padua, Italia. Alianza kuiona usiku wa tarehe 7 Januari 1610, yaani siku moja tu baada ya sikukuu ya Epifania. Aliona nyota ndogo tatu karibu na Mshtarii, mbili upande wa mashariki na moja upande wa magharibi. Usiku uliofuata alizikuta zote tatu upande wa magharibi. Tarehe 9 mawingu yalifunga, hakuona kitu. Tarehe 10 aliona mbili tu, zote upande wa mashariki. Tarehe 13 akaona nne. Angeweza kusema usiku wa kwanza, "Nimeona nyota tatu," akaenda kulala na kuyasahau. Lakini alirudi, akachora, akarudi tena, mpaka akatambua kwamba hazikuwa nyota. Ilikuwa miezi ikiizunguka Mshtarii. Mwezi Machi mwaka huohuo alichapa kitabu chake huko Venice.

Mnaweza kuuliza, nukta nne za nuru zina shida gani? Shida ilikuwa hii: karibu wasomi wote wa siku zile walifundisha kwamba vitu vyote vya mbinguni vinaizunguka dunia. Nukta zile nne hazikuthibitisha peke yake kwamba dunia inalizunguka Jua. Lakini zilionyesha waziwazi kwamba viko vitu ambavyo havituzunguki sisi. Kwa mwanadamu aliyezoea kukaa katikati, habari hiyo ni chungu.

Hapo tena tunayaona makundi yetu mawili. Walikuwako wasomi waliokataa hata kuchungulia. Tena walikuwako waliotazama. Huko Roma, katika Chuo cha Wajesuiti, aliishi Padre Christopher Clavius, mwanahisabati mkuu wa Kanisa, mmoja wa waliotengeneza kalenda tunayoitumia tangu mwaka 1582. Umri wake ulikuwa umepita miaka 70. Maisha yake yote alikuwa amefundisha kwamba dunia imekaa katikati. Mwanzoni aliitilia mashaka habari ya miezi ile. Lakini yeye na wenzake walitafuta darubini, wakatazama usiku baada ya usiku, na mwezi Aprili 1611, Kardinali Roberto Bellarmino alipowauliza, walimjibu kwamba ni kweli, miezi iko. Clavius alifariki mwaka 1612. Mzee yule hakuiona aibu kujifunza jambo jipya mlangoni mwa kaburi.

Laiti habari ingeishia hapo! Mnajua haikuishia hapo. Mwaka 1633 Galileo, mzee wa karibu miaka 70, alihukumiwa na mahakama ya Kanisa, akalazimishwa kuyakana mafundisho yake, akakaa chini ya ulinzi nyumbani kwake hadi kufa kwake mwezi Januari 1642. Nilikuwa mseminari kijana katika seminari kuu wakati Papa Yohane Paulo wa Pili, tarehe 31 Oktoba 1992, alipokiri hadharani kwamba wanateolojia waliomhukumu Galileo walikosea. Nakumbuka mjadala wetu jioni ile bwaloni. Tulisema kwa majivuno ya ujana kwamba sisi tusingalifanya hivyo kamwe.

Sasa sikilizeni ungamo langu.

Usiku wa tatu wa darubini alikuja mwanamume wa makamo, amemshika mkono binti yake wa miaka kama kumi. Hakuingia uani. Alisimama nje ya ua, akamsukuma mtoto kwa upole akatazame. Nilimwita. Akaja polepole.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba. Karibu, nawe utazame."

"Padre hanikumbuki," akasema. "Nilikuwa katika darasa lako la Kipaimara, mwaka wako wa pili hapa. Nilikuuliza swali juu ya Mshtarii."

Ndipo nilipokumbuka, na uso wangu ukapata joto gizani. Nilikuwa padre kijana. Nilikuwa nafundisha juu ya uumbaji, kwamba Mungu aliuweka mwezi angani ili utumulikie wakati wa usiku. Kijana mmoja wa miaka kumi na minne akanyosha mkono. Alikuwa amesoma katika kitabu cha shule. Akauliza, "Padre, kama mwezi wetu uliumbwa utumulikie sisi, miezi ya Mshtarii inammulikia nani?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Kutokuwa na jibu si dhambi. Dhambi yangu ni kwamba sikusema, "Sijui." Nilisema, "Hapa tunasoma dini, maswali ya kuonyesha ujuzi uyapeleke shuleni." Wenzake wakacheka. Nikamtoa nje hadi kipindi kiishe. Juma lililofuata hakuja, wala lile la pili. Nami sikumfuata. Nilijisemea kwamba amekuwa mkaidi. Katika orodha ya Kipaimara ya mwaka ule nililipiga jina lake mstari.

Niliwacheka wazee wa mwaka 1633 nikiwa bwaloni, na miaka michache tu baadaye nilikuwa nimejenga mahakama yangu ndogo katika darasa lenye madawati kumi na mawili.

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya binti yake. Hakujibu upesi. Aliinama, akachungulia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko wote. Alipoinuka, alisema, "Ipo kweli. Sasa mimi nafundisha fizikia sekondari, Padre, nimewaambia wanafunzi habari hizi miaka yote, lakini mwenyewe sikuwahi kuiona." Kisha akaniuliza, kwa sauti isiyo ya ugomvi, "Je, sasa unalo jibu?"

Usiku ule nilimpa jibu la haraka haraka. Tangu hapo nimelitafakari, na leo napenda kulisema vizuri zaidi, kwake popote anaponisikiliza, na kwenu nyote.

Miezi ya Mshtarii inammulikia nani? Kwanza, haikuumbwa itutumikie sisi. Kwa maelfu ya miaka ilizunguka bila jicho la mwanadamu kuijua. Mungu aliijua. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Mungu alivitazama alivyoviumba na kuviona kuwa ni vyema, na aliviona hivyo kabla ya mtu kuwapo wa kuvisifu. Kitu chaweza kuwa chema bila kuwa changu. Muumba hufurahia kazi yake hata mahali ambapo hakuna mtu wa kupiga makofi. Je, neno hilo halituhusu? Mama anayeamka alfajiri kumwogesha mgonjwa asiyeweza hata kusema asante, anammulikia nani? Mungu anaona.

Pili, kutokuwa katikati si kusahauliwa. Hilo ndilo fumbo la Epifania. Mamajusi walimtafuta mfalme katika jumba la kifalme la Yerusalemu, maana kila mtu alidhani ndiko kwenye kitovu. Hakuwako. Alikuwa katika mji mdogo, mikononi mwa mama maskini. Naye Mtume Paulo katika somo la pili anatutangazia siri iliyofichika zamani: kwamba mataifa mengine nayo ni warithi, viungo vya mwili uleule. Na sisi ni watoto wa mataifa hayo. Kama Mungu angetaka watu wa kitovuni peke yao, Injili isingefika kijijini kwetu. Mungu hakutuweka katikati ya anga. Alikuja mwenyewe pembezoni, tulipo sisi.

Tatu, kitu kisichoumbwa kwa ajili yetu chaweza bado kutuletea nuru, tukikitazama kwa uaminifu. Mwaka 1676 huko Paris, Mdenishi Ole Rømer alikuwa akipima nyakati ambazo mwezi Io huingia na kutoka katika kivuli cha Mshtarii. Aliona kwamba dunia inapokuwa mbali zaidi na sayari ile, Io huonekana kuchelewa. Akaelewa kwamba nuru haifiki papo hapo. Husafiri, nayo huchukua muda. Basi mwezi uleule ambao kijana wangu aliulizia ndio uliotufundisha habari za nuru yenyewe. Lile swali nililolitoa nje ya mlango lilikuwa limebeba taa mkononi.

Makatekista wenzangu, hapa nasema nanyi kwa namna ya pekee. Mtoto akiuliza jambo msilolijua, msimwaibishe. Semeni, "Sijui, tutafute pamoja." Imani haivunjiki kwa neno hilo. Inavunjika mtoto anapoona kwamba mwalimu wake anaiogopa kweli. Kweli ya nyota na kweli ya Injili zina chemchemi moja, nazo haziwezi kupigana, ingawa sisi tunaozisoma twaweza kuzisoma vibaya. Hata Galileo alikosea. Alipoitazama Zohali mwaka 1610 alidhani ni nyota tatu zilizoshikana. Mwaka 1612 akakuta zile mbili za kando zimetoweka, akashangaa sana. Mwaka 1659 ndipo Christiaan Huygens, Mholanzi, alipoeleza kwamba ile ni pete nyembamba, na kwamba inapotugeukia kwa ukingo wake haionekani. Nasi Januari ile ya 2025 tuliiona pete hiyo ikiwa imekonda kama sindano iliyochoma kitunguu. Watoto waliotegemea pete nene ya vitabuni walinung'unika. Nikawaambia, "Tazameni ilivyo, si mnavyotaka iwe."

Mkitaka kuwaonyesha watoto wenu, si lazima mpate darubini kama yangu. Darubini ya macho mawili, ikiegemezwa vizuri juu ya ukuta isitikisike, yatosha kuonyesha miezi ya Mshtarii usiku usio na mawingu. Lakini angalieni sana: msiielekeze darubini yoyote kwenye Jua, maana inapofua jicho kwa nukta moja.

Labda mnataka kujua yule mwalimu wa fizikia amerudi kanisani. Sikumwuliza, wala hakuniambia. Usiku ule binti yake alikuwa amechora katika daftari duara la Mshtarii na nukta zake pembeni. Walipokuwa wakiondoka, baba yake alisimama mlangoni pa ua, akasema, "Padre, kesho nitamleta tena. Anataka kuona kama zimehama."

Walikuja. Zilikuwa zimehama.

Wapendwa wasikilizaji, Mamajusi walirudi kwao kwa njia nyingine. Nani kati yetu anayo njia nyingine ya kushika leo? Pengine yuko mtu uliyempiga jina lake mstari miaka mingi iliyopita, kwa sababu aliuliza, au kwa sababu alikutoa katikati. Usikae Yerusalemu na vitabu vyako. Bethlehemu si mbali. Inuka, uende, ukatazame.

Bwana aliyewaongoza Mamajusi kwa nyota atuongoze na sisi, atupe macho yasiyoogopa kuona na moyo usioogopa kuomba msamaha. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!